Fisher 500-C au Fisher 400: Ipi Ina Vipuri vya Kuaminika Zaidi?

Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, akizifungua mezani redio hizi mbili za valvu (chupa za kioo zinazokuza mawimbi ya umeme), zote za Marekani na zote za miaka ya 1960, tofauti ataiona kwanza kwenye valvu za kutolea sauti. Fisher 500-C ina valvu nne aina ya 7591, zenye kitako kinene cha plastiki ngumu, ilhali Fisher 400 ina 7868 nne, ambazo kwa tabia za umeme ni kama pacha wa zile, ila pini zake tisa nyembamba zinachomoza moja kwa moja kwenye kioo.

Hapo ndipo ninapoegemea 500-C. Soketi ya 7868 ikishalegea kwa joto la miaka mingi, pini ya gridi (sehemu inayodhibiti mkondo ndani ya valvu) hukosa mguso, na bati la ndani ya valvu huiva jekundu kama kaa la jiko, jambo linaloweza kuunguza hata transfoma ya sauti, ambayo kuipata Mbeya ni ndoto.

Kwa kapasita, vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme, hakuna ya kuionea wivu nyingine: za elektroliti zimekauka kote kuwili, na zinazounganisha hatua za ukuzaji sauti hubadilishwa zote, hata zile zinazoonekana nzima.

Umeme wetu wa volti 230 unadai transfoma ya kushusha hadi 120. Hiyo haibadilishi masafa ya hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), kwa hiyo transfoma kuu iliyokusudiwa hezi 60 itapata moto zaidi, hata usiku wa baridi ya Juni.