Chokaa au saruji kwa kuta za stesheni kongwe?

Viungo vya matofali vinapukutika. Uvizibe kwa kitu gani?

Kwa haraka, saruji inashinda. Chokaa hukomaa polepole, hutaka kukingwa jua kali na mvua, na fundi anayeijua vizuri ni wa kutafutwa. Ila matofali ya zamani mara nyingi ni laini na hunyonya maji. Chokaa huyaachia maji yatoke, na hustahimili ukuta unaposogea kidogo. Saruji huyafungia ndani, kisha kinachomomonyoka ni tofali lenyewe, si kiungo. Kuibandua baadaye? Utavunja matofali mengi.

Kama ukuta ulijengwa kwa chokaa, mimi ningesubiri fundi. Kama ulijengwa kwa saruji tangu mwanzo, au unamwaga sakafu mpya ya jukwaa, chokaa ya nini?