Usiku wa muziki wa Ayalandi, Shela: nenda umeshakula

Mimi ni mpiga zumari wa maharusini hapa Langoni, Lamu, kwa hiyo nilikwenda kusikiliza, si kula. Bahati yangu, maana viazi vilikuja baridi na nyama ya kondoo ngumu kama kandambili. Kiingilio shilingi 1,500, kiti nyuma ya nguzo! Nikahama mwenyewe hadi karibu na wapigaji.

Hapo ndipo hela yangu ilirudi. Yule bwana wa uilleann pipes, zumari yao ya mfuko, hapulizi kwa mdomo. Amefunga mvukuto chini ya kiwiko kimoja, mfuko wa hewa kwapa la pili, anakandamiza huku vidole vikitembea. Jina lenyewe linatokana na neno lao la kiwiko. Mimi kila harusi mashavu yananiuma siku mbili. Mwenzangu anapiga huku anacheka na watu. UNESCO waliuorodhesha upigaji huu kama urithi wa utamaduni mwaka 2017, wala sishangai. Bodhrán ni kama dufu letu, ngozi ya mbuzi, ila wao hutumia kijiti.

Spika ndiyo iliyoharibu, ilikoroma mpaka filimbi ikamezwa. Waizime. Ua lile dogo halihitaji spika.