TAHADHARI: "Faiba ya magemu" inayouzwa Tabata, Segerea na Kinyerezi sio faiba, msipigwe kama nilivyopigwa mimi

Wakuu habari za saizi. Hii nimekaa nayo wiki mbili kabla ya kuandika kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kuandika kitu ambacho sina uhakika nacho, sasa kila nitakachosema hapa ama nimekiona kwa macho yangu ama nimekipima mwenyewe. Kuna jamaa anazunguka Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi hapa Dar anafunga kitu anakiita "faiba ya magemu", anawatafuta hasa watu wenye PS (PlayStation) nyumbani na wenye mabanda ya kuchezesha gemu. Sio faiba, yaani ile intaneti inayoletwa kwa waya mwembamba wa mwanga mpaka ndani. Ni rauta ya laini ya simu, kaifunika stika na kuichomekea waya ambao hauendi popote. Jina lake siandiki kwa sababu mpaka leo nimeshakutana na majina matatu na namba nne tofauti, nikiandika moja kesho atakuja na lingine na mtu atasema aa huyu sio yule. Mtamjua kwa kazi yake.

Ilivyokuwa ni hivi. Mdogo wangu anakaa kwangu, kamaliza form six anasubiri matokeo, na huyu dogo FC, lile gemu la mpira, anaicheza kweli kweli, mtaani kwetu hakuna anayemfunga, sasa alitaka kucheza onlaini na watu wa nje ajipime. Alikuwa anawasha hotspoti ya simu yangu, bando la wiki linaisha siku mbili, na mechi ikifika dakika ya 70 inakwama anatupwa nje, na ukitupwa nje kwenye mashindano ya onlaini unahesabiwa umefungwa. Nilikuwa namwonea huruma. Faiba ya kampuni inayoeleweka kwetu haijafika, nguzo zipo barabara kubwa lakini ndani huku kwetu hawajavuta, tuliomba tukaambiwa tusubiri, tunasubiri mpaka leo. Na nadhani huyu jamaa anajua hii mitaa vizuri sana, anajua wapi faiba imefika barabarani haijaingia ndani, maana hapo ndio watu wana kiu.

Tangazo lake nililetewa na dogo mwenyewe, kalitoa kwenye stetasi ya mwenzake. Spidi 50 Mbps, bila kikomo, pingi 5 uhakika (pingi ni milisekunde ambazo data inatumia kwenda kwenye sava, yaani kompyuta inayoendesha gemu, na kurudi, ikiwa ndogo ndio vizuri), FC, Call of Duty, PUBG haikwami, kufunga 180,000, kila mwezi 60,000. Nikampigia, anaongea vizuri, ana heshima, "bro mkubwa usijali, kesho saa nne niko kwako". Na kesho yake saa nne kweli kaja, na kijana mmoja wa kumsaidia, vizibao vya reflekta, ngazi, drili, waya mweupe mwembamba kama ule wa faiba halisi. Wakatoboa ukuta, kijana akapanda darini akakaa kule kama nusu saa, wakafunga kijiboksi ukutani, chini yake rauta ina stika nyekundu nyuma imeandikwa USIFUNGUE WARANTI ITAKUFA. Akatoa simu yake akapima spidi mbele yangu. 48 Mbps, pingi 6. Nikamlipa 240,000 palepale na mwezi wa kwanza ndani yake, kwenye namba binafsi, sio lipa namba. Nilimuuliza mbona sio lipa namba akasema mtandao wa ofisi uko chini leo. Nikakubali.

Siku tisa za mwanzo ilikuwa afadhali kuliko hotspoti, sitasema uongo. Siku ya kumi ikaanza, kuanzia saa moja jioni haifai kabisa, pingi 280, 300, wachezaji wanaruka ruka kama picha zilizokatwa, na asubuhi inarudi kidogo. Baadae hata asubuhi ikafa. Nikampigia, akaniambia "bro kebo ya baharini imekatika, nchi nzima wanalia".

Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hiki kisingizio ndio kinachowanasa watu wengi. Kina ukweli wa zamani ndani yake. Tarehe 12 Mei 2024 kweli kebo mbili, EASSy na Seacom, zilikatika baharini, na Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu intaneti ikayumba, wote tunakumbuka zile siku hata WhatsApp ilikuwa haitumi picha. Kwa hiyo fundi akikwambia kebo, kichwa kinakumbuka unakubali. Lakini kebo ya baharini ikikatika haichagui nyumba. Nilitembea mpaka barabarani kwa jirani mwenye faiba halali, nikamkuta anaangalia mpira laivu picha safi kabisa, simu yake haina shida, hotspoti yangu haina shida. Imekatika kwangu tu? Mtu akikwambia kebo, uliza nyumba ya pili.

Nilivyomrudia na hilo akabadilisha maneno. Akasema tatizo ni kwamba PS haijafunguliwa "njia ya gemu", ni huduma ya ziada, 40,000. Akaja, akaingia kwenye mipangilio ya PS akaandika namba 8.8.8.8, akaweka na nyingine, akasema tayari. Hiyo namba ni DNS ya Google, ni ya bure, dunia nzima wanaitumia, hata mtoto anaweza kuiweka. Na kazi ya DNS ni kutafuta anwani ya sava tu, kama kuuliza njia kwa bodaboda, ukishaelekezwa unaenda mwenyewe. Mechi ikishaanza data haipiti huko tena. Haipunguzi pingi hata moja. 40,000 kwa namba mbili, na mimi nikampa.

Na hapohapo akamuuzia mdogo wangu gemu. FC mpya, 35,000, "akaunti yenye gemu ndani, unaingia unacheza". Hii nayo iko sana hapa Dar na inatokana na kwamba Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation, wengi wetu tunafungua za Afrika Kusini, Marekani au Uingereza, kulipia kwa kadi ya huku inasumbua, kwa hiyo mtu akija na akaunti tayari unaona rahisi. Lakini ile akaunti barua pepe ni yake, neno la siri analo, kauzia watu sijui wangapi. Baada ya wiki tatu dogo anaamka asubuhi, gemu lina kufuli, neno la siri limebadilishwa, na timu yote aliyokuwa anaijenga usiku na mchana ilikuwa kwenye ile akaunti. Imekwenda. Alikaa hajala mchana ule, na mimi ndio niliyemwambia anunue. Kama unataka gemu la kupakua nunua kadi ya salio la PlayStation ya nchi ileile uliyofungulia akaunti, akaunti yako mwenyewe, barua pepe yako. Au nunua CD. CD hata ukiichoka unauza.

Mwezi wa pili nikalipa tena 60,000 kwa sababu alisema bila kulipa hawezi kutuma fundi. Jumla 375,000.

Jinsi nilivyogundua. Binamu yangu anasoma mambo ya mitandao, alikuja Jumapili kula, akaangalia rauta akasema kaka hii mbona ina taa za minara ya simu. Akabandua ile stika nyekundu, chini yake kuna kitundu, ndani kuna laini. Laini ya simu ya kawaida kabisa. Tukapanda darini. Ule waya mweupe umepanda kutoka kwenye kijiboksi, umeviringishwa kama mita tatu, umefungwa na selotepu kwenye mbao, mwisho wake umekatwa na koleo. Ndio faiba yangu hiyo. Binamu akasema jamaa alikuwa ananunua kifurushi kidogo cha intaneti cha mwezi, kikifika kiwango fulani kampuni inashusha spidi, ndio maana siku tisa zilikuwa nzuri halafu ikafa, na jioni mnara unajaa watu ndio inakuwa mbaya zaidi. Mimi nalipa 60,000, yeye ananunua cha bei ya chini, inayobaki anaweka mfukoni.

Nisieleweke vibaya, rauta ya laini sio kitu kibaya, kama mnara uko karibu unaweza kucheza vizuri tu, kuna watu nawajua wanacheza. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya faiba na kwa jina la faiba, halafu na laini ambayo haiko kwa jina lako.

Sasa kuhusu ile "pingi 5 uhakika", maana hii ndio inatuua sisi wa gemu. Programu ya kupima spidi inachagua yenyewe sava ya karibu, yaani ya hapahapa Dar, kwa hiyo pingi 5 au 6 ni safari ya kwenda mjini na kurudi. Gemu lako halichezwi mjini. Sava za magemu makubwa tunazozipata huku ziko Afrika Kusini, Ghuba au Ulaya. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, ukipiga hesabu kila kilomita 1,000 ni milisekunde 10 kwenda na kurudi. Dar mpaka Johannesburg ni karibu kilomita 2,500, hata waya ungenyooka kama rula huwezi kushuka chini ya 25. Frankfurt karibu 7,000, hapo ni 70 ukiwa na bahati ambayo haipo, kwa sababu kebo zinazunguka baharini na kupita kwenye mitambo njiani. Kwa hiyo yeyote anayekuahidi pingi 5 kwenye gemu la onlaini ukiwa Tabata anakudanganya. Hamna kifurushi, hamna fundi, hamna kifaa cha kuipata.

Na 50 Mbps nayo wajue wanaonunua gemu za kupakua, hiyo ni megabiti, gawanya kwa nane upate megabaiti. Call of Duty na vitu vyake inapita GB 100. Kwa 20 Mbps za kweli GB 100 ni kama saa 11, unawasha usiku unaamka iko tayari. Kwangu ile siku binamu kapima ilikuwa 3 Mbps. Pigeni hesabu wenyewe ni siku ngapi.

Fundi akija kwako, pima kwa simu YAKO iliyoshika waifai yake, zima data ya laini yako kwanza. Yeye alipima kwa simu yake na sikujua ile simu imeshika nini. Matokeo yakitoka, angalia chini, huwa linaandikwa jina la kampuni inayoleta intaneti, lile jina likiwa ni la mtandao wa simu na yeye kakwambia faiba, mbane akuonyeshe hiyo faiba kwanza, maana kampuni nyingine za simu nazo zina faiba, akishindwa mwambie ashushe ngazi. Halafu badilisha sava ndani ya programu, weka Johannesburg, weka na Frankfurt, hapo ndio utaona pingi inayokaribia ya gemu. Pima tena saa mbili usiku kabla hujamalizia hela, mwambie utalipa nusu, anayefanya kazi halali atakuelewa. Faiba halisi ina kifaa chenye taa ya PON inayowaka kijani imetulia, na ile ya LOS ikiwaka nyekundu ujue mwanga haufiki. Kwangu hakikuwepo kifaa kama hicho, kilikuwepo kijiboksi kitupu cha plastiki. Na mtu mmoja apande darini na fundi, naomba sana hili, mimi nilikaa chini namchemshia chai.

Nimeshatuma namba zake zote nne kwenda 15040 ile ya kuripoti matapeli, na nimefungua RB polisi. Pale kituoni nilimkuta mama mmoja mwenye banda la gemu Segerea, kalipia PS tatu, kafungiwa rauta moja ina stika nyekundu ileile na maandishi yaleyale. Yule mama mtaji wote ni wa mkopo wa kikoba, watoto walikuwa wanalipa wacheze onlaini ikikwama wanadai hela yao, na anawarudishia. Kwa kweli ile ndio ilinifanya niandike, mimi 375,000 inauma lakini nina mshahara.

Rauta nimeitunza na laini yake ndani, sijaitoa, polisi walisema niiache hivyo kwa sababu laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Kama na wewe unayo yenye stika nyekundu usimrudishie hata akija anasema anakubadilishia mpya, kwa yule mama alikuja hivyo akataka kuichukua. Piga picha stika, piga picha ule mwisho wa waya darini, tunza meseji zote za miamala. Mimi na yule mama tunarudi kituoni Jumatatu saa tatu asubuhi, tukiwa wengi wenye rauta zetu mkononi ni rahisi wao kuiunganisha iwe kesi moja, aliye tayari aniandikie nimwambie ni kituo gani.