Tahadhari: anayeuza woodii "dume na jike" Mikocheni na Mbezi Beach

Ndugu wapenzi wa bustani, natoa tahadhari kuhusu muuzaji wa miche anayesambaza picha za mimea adimu kwa simu na kuileta nyumbani kwa bodaboda. Mwezi uliopita aliniuzia kwa shilingi 600,000 miche miwili aliyoiita Encephalartos woodii, "dume na jike", akinihakikishia kwamba baada ya miaka kadhaa nitavuna mbegu zangu mwenyewe.

Jike la woodii halipo. Mmea huu, ambao ni jamaa wa mitapo yetu ya pwani (mimea yenye umbo la mnazi mfupi), John Medley Wood aliukuta mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye, Afrika Kusini, ukiwa kichaka kimoja tu cha kiume, na hadi leo jike halijapatikana. Kwa kuwa koni (sehemu zinazotoa chavua au mbegu) za kiume na za kike hazikai kwenye mti mmoja, woodii huongezwa kwa machipukizi yanayotolewa ubavuni mwa shina. Mbegu pekee zinazowezekana ni za chotara, pale chavua yake inapopelekwa kwenye jike la jamii nyingine, kama Encephalartos natalensis, na muuzaji mwaminifu husema wazi kuwa ni chotara.

Tena, nilichopewa hata dume la woodii si lenyewe. Nilipoliinua jani juani niliona kila kijani chake, yaani kila jani dogo linalounda jani zima, kina mshipa mmoja katikati na kingo zilizojikunja kwa chini: ni Cycas revoluta, mmea wa Japani unaopandwa katika bustani nyingi za mapambo. Vijani vya Encephalartos havina mshipa wa kati, bali vina mishipa mingi myembamba inayokwenda sambamba. Laiti ningetazama hivyo kabla ya kulipa!

Sasa anatangaza mashina makubwa yaliyong'olewa, akidai yametoka Mlima Kanga, Morogoro. Encephalartos kanga, inayoota huko, imo hatarini kabisa kutoweka, na jamii zote za Encephalartos zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Shina lililokatwa mizizi huweza kuchipua majani kwa akiba iliyomo ndani, mnunuzi akadhani limeshika, kumbe linaoza. Nawasihi msiyanunue, na hasa ikiwa anasema kweli.

Risiti hakunipa, na simu zangu hapokei tena. Picha za majani ninazo. Anayetaka kulinganisha kabla ya kulipa aniombe, nitamtumia.