Breki za Zamani za Tela: Kuziba Tawi au Kung'oa Mfumo Wote

Lori kuukuu lililowahi kuvuta tela huweza kubaki na kidhibiti cha breki za tela chini ya usukani, kilichoungwa kwa paipu nyembamba na njia ya mafuta ya masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki pedali inapokanyagwa. Ikiwa tela halivutwi tena, mwenye lori ana njia mbili.

Ya kwanza ni kuiondoa paipu hiyo na kuliziba tawi lake kwenye njia ya mafuta kwa kizibo chenye nyuzi zinazolingana na kiungo. Gharama yake ni ndogo, lakini kiungo cha njia tatu hubakia, na kila kiungo ni mahali panapoweza kuvuja. Kuikunja paipu na kuiponda kwa nyundo, kama wafanyavyo mafundi wengine, si kuziba hata kidogo.

Ya pili ni kung'oa kila kitu, pamoja na waya unaoleta umeme kutoka kwenye betri, kisha kupitisha paipu mpya isiyo na tawi, iliyotanuliwa ncha zake kwa kifaa maalumu. Hapa Pemba, ambako hewa ya chumvi hula chuma, paipu ya shaba iliyochanganywa na nikeli hudumu zaidi.

Njia zote mbili zinahitaji kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, kwa kawaida kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na ni vyema kutumia mafuta mapya, kwani ya DOT 3, daraja mojawapo la mafuta ya breki, hufyonza unyevu na yakichakaa huchemka mapema. Kwa lori linaloteremka vilima likiwa na magunia ya karafuu, naichagua ya pili. Kizibo kinatosha tu wakati wa kusubiri paipu ifike.