The Last King of Scotland: kitabu moto, filamu imetunyima daktari wetu

Haya haya, karibuni tena wasomaji wenzangu! Leo salamu fupi, maana nina hasira, na hasira yenyewe ni hii hapa mkononi. Mnaiona? Ngoja niisogeze kwenye kamera. Ni ile nakala yenye picha ya filamu kwenye jalada. Nimeipata kwa muuza vitabu vya mtumba hapa Kampala, shilingi 15,000 baada ya kuvutana sana. Gundi ya mgongo imeshachoka. Nikifungua hapa katikati... mmesikia huo mlio? Karatasi hii iko huru kabisa, inatoka yenyewe. Lakini kwa bei hiyo ninyamaze tu.

Kinachonikera kwanza ni hilo jalada. Ukishaniwekea sura ya Forest Whitaker, mwigizaji aliyemcheza Idi Amin, pale mbele, mimi msomaji nitamjenga vipi Amin wangu? Na sisi tuliozaliwa Arua, upande wa kwao Amin, tulikuwa na Amin wetu kabla filamu haijafika. Wazee wetu wanaikumbuka sauti yake na Kiswahili chake cha jeshini.

Hadithi mnaijua, sirudii. Riwaya ni ya Giles Foden, 1998. Filamu ni ya Kevin Macdonald, 2006, na sehemu kubwa waliirekodia hapa hapa kwetu. Nicholas Garrigan, yule daktari kijana wa Uskoti anayekuja kuwa daktari wa Amin, ni mtu wa kubuniwa. Amin hakubuniwa. Twende.

Nianze na utamu, msije mkasema huyu dada kila siku ni kulalamika. Tazameni sehemu ya ng'ombe. Gari la Amin limegonga ng'ombe, mkono wake umeumia, Garrigan anamfunga bendeji. Ng'ombe bado analia pale barabarani. Daktari anashindwa kuvumilia, ananyakua bastola ya Amin mwenyewe, anampiga ng'ombe risasi. Nasimamisha hapa. Muangalieni Whitaker. Askari wote wameinua bunduki, hakuna anayepumua. Uso wake hauna kitu kabisa, umefungwa. Narudisha nyuma kidogo, tazameni macho, si mdomo. Mmeona? Macho yanamkagua kijana kutoka juu mpaka chini. Kisha anasikia kwamba jamaa ni Mskoti, na uso wote unafunguka, anacheka, anataka wabadilishane nguo! Koti la jenerali kwa fulana ya Scotland. Banange, mtu huyu hata dakika mbili hazijapita angeweza kukuua, sasa unampenda. Oscar ya 2007 alistahili. Alijifunza hata Kiswahili kwa ajili ya kazi hii, na mimi nasema hapo alituheshimu.

Nilishaitazama pia kwenye kibanda cha video, VJ, yule msimuliaji wa filamu, akiitafsiri kwa Luganda papo kwa papo. Ile sehemu Amin anadhani amewekewa sumu kumbe tumbo limejaa gesi, VJ aliongeza maneno yake ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa sababu mama yangu anatazama chaneli hii. Shikamoo mama.

Sasa hasira. Kay.

Kay Amin, aliyekuwa mke wa Idi Amin, alikuwa mtu wa kweli, na kifo chake cha 1974 ni cha kweli. Mwanamume anayetajwa kuwa mpenzi wake kwenye kisa hicho alikuwa daktari wa hapa hapa Uganda. Foden hakuthubutu kumtoa mtu huyo akamweka Mskoti wake kitandani. Filamu ndiyo iliyofanya hivyo! Garrigan ndiye anayelala na Kay, mimba ni yake, na kila kitu kinachofuata kinazunguka shingo yake. Daktari wetu kafutwa. Nafasi yake kachukua mgeni.

Mtaniambia, "Dada, ni filamu, lazima iwe na mapenzi." Sawa, nawasikia. Lakini subirini, tuna daktari wa pili. Dk. Junju, aliyeigizwa na David Oyelowo. Entebbe, 1976, mateka wa ile ndege ya Air France iliyotekwa wako uwanjani. Garrigan ameshatundikwa kwa kulabu na watu wa Amin, ngozi ya kifua inavutika, mimi hapo hufumba macho kila mara. Nani anamshusha? Junju. Nani anamchanganya na mateka wanaoachiliwa ili apande ndege? Junju. Na nani anapigwa risasi? Haya, nijibuni. Daktari wetu mmoja kafutwa, mwingine kafa ili mgeni apate kiti cha dirishani.

Kwenye kitabu hakuna cha kukimbilia ndege ya 1976. Garrigan anabaki. Anabaki mpaka 1979, mpaka Watanzania wanaingia Kampala. Na anakusimulia mwenyewe, "mimi", "mimi", akiwa amesharudi Uskoti, anaandika. Hapo ndipo Foden anakubana. Huyu mtu hajafanya jambo kubwa lolote. Kala, kanywa, kapokea mshahara, kaona, kanyamaza. Kosa lake ni kukaa. Filamu ikaona kosa hilo halipigiki picha, ikampa kosa la chumbani na adhabu ya kulabu, akalipa, akaondoka safi. Mimi huyo wa kitabu ndiye aliyeninyima usingizi, kwa sababu watu wa kunyamaza tunawafahamu, tunaishi nao.

Ndiyo, kitabu kina sehemu zinazoburuta. Katikati pale nilisinzia, nikaamka, nikaendelea. Lakini hiyo si sababu ya kwenda kwa wale jamaa wenye sauti ya mashine wanaokumalizia riwaya nzima kwa dakika tatu. Mmoja wao alisema Garrigan ni mtu halisi! Na ana wafuasi kunizidi mimi, fikirini. Kwa hiyo bonyezeni kengele, jamani, data ni ghali na video hii imekula bando langu la wiki.

Hukumu: anza na kitabu, hata kikiwa cha kuchanika hivi. Zaidi ya 20,000 usitoe, kaa ukibembeleza. Filamu itazame kwa ajili ya Whitaker, na ile ya ng'ombe irudie.

Wiki ijayo ni Queen of Katwe ya Mira Nair, na Oyelowo yupo tena, safari hii anafundisha watoto chesi na hapigwi risasi. Kitabu chake si riwaya, ni habari za kweli, kwa hiyo ugomvi wetu utakuwa mwingine. Aliye na nakala aniazime, niko Ntinda, boda nitalipa mimi.