Baiskeli ya kukodi, Kabale hadi Kisoro: gia nzuri, breki za kuombea dua

Mimi ni mchora mabango hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mzaliwa wa Bukoba. Siku zote nachora kuku wa kukaanga na vichwa vya saluni. Mwishoni mwa Novemba nilijipa likizo ya siku nne nikachore milima. Watu walinishangaa kwenda msimu wa mvua, lakini kiangazi huku ni moshi na vumbi, milima inafifia. Mvua ikishapiga usiku, asubuhi unauona mlima hadi mikunjo yake.

Baiskeli niliikodi duka moja hapa mjini, shilingi 40,000 kwa siku, kitambulisho unaacha kwao. Gia 21, na zote zinaingia. Hilo nawapa sifa. Kisoro ni kama kilomita 80, lami tupu, ila ni kupanda na kushuka mwanzo mwisho. Kwenye msitu wa mianzi wa Echuya nilitumia gia ndogo kabisa, miguu inazunguka kama nakoroga uji, wenye magunia ya mkaa wananipita wakicheka. Nilipanda hata hivyo, sikushuka kusukuma ila mara mbili.

Keria ni ya chuma, imara. Boksi la rangi za maji nililifunga kwa mpira wa tyubu, halikucheza. Ubao wa kuchorea niliufunga mgongoni, na hapo nilikosea mwenyewe: upepo uliukamata kama tanga.

Pale Kanaba barabara inakata kona, na ghafla mlima Muhabura huyo, mita 4,127, mpakani na Rwanda, Gahinga kando yake, na Sabinyo mwenye meno ya mzee. Sabinyo huchoreka kirahisi, maana ana mapengo ya kushika macho. Muhabura ndiye mgumu. Ni kama pia ya kuchezea iliyogeuzwa, ukikosea mteremko mmoja tu umechora kichuguu. Nilidhani ni mweusi, kumbe ni bluu yenye kijivu, na chini kwenye mashamba inageuka kijani taratibu, hakuna mstari. Ukungu nao hauachi rangi ikauke. Nilisubiri karibu saa nzima anga likauke ndipo niguse mlima, na bado ulichuruzika upande wa Rwanda. Kiti cha baiskeli ndicho kilikuwa meza yangu.

Sasa breki. Kushuka kutoka Kanaba nilizibana hadi zikagusa hendeli, baiskeli inakwenda tu. Mbele yangu lori la viazi linapanda. Niliburuza ndala kwenye lami hadi soli ikanuka, nikaishia kwenye mtaro, ubao juu, mimi chini. Dukani nilikuwa nimezijaribu, lakini palepale uani, penye tambarare. Kosa langu nusu, lao nusu na zaidi.

Kisoro kijana fundi chini ya mwavuli alizitazama akacheka. "Mzee, hizi raba zilikwisha zamani, umeshuka na chuma." Aliweka mpya zote nne kwa shilingi 8,000, akakaza na waya. Kuanzia hapo nilifika ziwa Mutanda, nikachora visiwa, nikarudi Kabale bila hofu.

Ushauri wangu kwa mchoraji mwenzangu: ikodi, kwa gia na keria huwezi kupata bora kwa bei hiyo. Lakini kabla hujalipa, ipeleke kwenye mteremko wowote, Kabale haikosi, ubane breki zote mbili. Beba na raba za akiba, ni nyepesi kuliko brashi.

Niliporudisha niliwaonyesha risiti ya fundi, karatasi ya daftari yenye alama ya grisi. Wakasema hawakunituma. Kisha mwenye duka akainama, akaona doa la bluu kwenye kiti, akakata 5,000.